Ulaya hawauzi friji gadi

Ndugu Mhariri,

Salaam sana na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, siwezi kudanganya kwamba nanunua gazeti kila siku, mara nyingi nasoma la mwenzangu pale kijiweni akishamaliza kurasa za michezo, ila juzi nilinunua langu kabisa kwa hela yangu kwa sababu ya lile jedwali lenu la nchi na nchi, nani anaishi vizuri nani anaishi kwa tabu, pato la kila mtu kwa dola, wenzetu wako juu huko na sie tuko chini tunachungulia. Lile jedwali limeleta ugomvi hapa kwetu Tabata siku tatu mfululizo. Wapo waliosema wazungu wanatuonea, wapo waliosema ni kweli kabisa na tena tumepewa maksi za huruma, mpaka muuza kahawa akatuambia kama hatunywi tuhame benchi lake.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ina faida moja ambayo hata hao wa takwimu hawana, naingia majikoni mwa watu. Asubuhi naweza kuwa Masaki, mchana Sinza, jioni Mbagala Rangi Tatu, na fundi friji hafichwi kitu maana hata ukificha, friji lenyewe likifunguliwa linasema mwenye nyumba anakula nini. Kwahiyo naomba nafasi niseme nilichokiona, afu mtanihukumu.

Mwezi wa tatu aliniita mama mmoja wa Kimara, friji lake halipoozi. Nimefika nakuta ni lile la mtumba, used ya Uingereza kama wanavyoziita, milango miwili, kalinunua laki sita na nusu. Ndani ya mlango bado kuna stika ya dinosaria, ni wazi kuna mtoto wa kizungu huko aliibandika na hakuna aliyehangaika kuibandua. Kibati cha nyuma kinasema limetengenezwa 2009. Plagi haikubadilishwa, soketi zetu si ndo zilezile alizotuachia Mwingereza, pini tatu za bapa, volti 230 kwao na volti 230 kwetu. Yaani kwenye karatasi friji lilihama nyumba tu, halikuhama nchi. Kule liliishi miaka zaidi ya kumi na dinosaria wake bila shida. Kimara limeishi wiki saba.

Nikapima, waya za ndani za kompresa zimeungua. Nilivyoikata mafuta yametoka meusi kama ya injini na ile harufu ambayo fundi akiisikia hana haja ya mita tena. Nikamuuliza mama hukuweka friji gadi? Akasema muuzaji alimwambia la Ulaya halihitaji. Na kweli halihitaji, likiwa Ulaya.

Kwa asiyejua, friji gadi ni kile kiboksi unachochomeka kwanza ukutani afu friji unalichomeka kwenye chenyewe. Kazi yake ni mbili. Volti zikishuka sana au zikipanda sana kinakata, na umeme ukirudi kinasubiri dakika kama tatu mpaka tano ndo kiruhusu. Kwanini kisubiri? Kwasababu kompresa ikizimika ghafla gesi ya upande mmoja inakuwa bado na presha kubwa, ukiiwasha papo hapo inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi ikiwa imesimama palepale kama mtu anasukuma gari lenye handibreki, inapata moto. Na zile saa moja usiku mtaa mzima umewasha kila kitu, nimewahi kupima ukutani nikakuta volti 165, hapo napo kompresa inahangaika vilevile. Fanya hivyo kila siku mara tatu uone kama hata wewe mwenyewe hutaungua.

Nilisoma mahali kwamba Ujerumani mwaka 2022 mteja wa kawaida alikaa bila umeme kama dakika 12 hivi. Kwa mwaka mzima. Nikawasomea jamaa kijiweni, mmoja akasema dakika 12 sisi ni muda wa kutafuta kiberiti. Sasa nchi ya namna hiyo friji gadi utamuuzia nani?

Niwe mkweli, tangu bwawa la Nyerere lianze kutoa umeme, zile megawati 2,115, ule mgao wa 2023 na mwanzo wa 2024 hatujauona tena, na anayebeza hilo huwa namuuliza kama anakumbuka samaki wangapi walimuozea. Lakini bwawa liko Rufiji na transfoma iko mtaani kwako, na transfoma ya mtaani ni ileile ya nyumba arobaini wakati sasa hivi nyumba zimefika mia na kila moja ina pasi na pampu na kwingine mwenye welding. Umeme upo, tatizo ni ile safari yake ya mwisho mpaka ukutani.

Sasa nakuja kwenye jedwali, Ndugu Mhariri. Nionyesheni lile friji la Kimara liko safu ipi. Mama kanunua kompresa mpya kwa pesa yake, kanunua gesi, kanilipa ufundi, kanunua na friji gadi. Hizo zote kwa hesabu za pato la taifa ni KUJUMLISHA. Muuza spea kaingiza, mimi nimeingiza, uchumi umekua! Na yule mzungu ambaye friji lake halikuungua miaka yote ile hajaongeza hata senti upande huo. Mama kabaki na kitu kilekile alichokuwa nacho mwanzo na hana hela, taifa limesonga mbele. Halafu msidhani haya nayasema mimi fundi tu, yule mchumi Simon Kuznets aliyewatengenezea Wamarekani hesabu za pato lao, mwaka 1934 kwenye ripoti yake kwa bunge la kule aliwaonya wasichukue hilo pato wakadhani ndo hali ya maisha ya watu. Wakachukua hesabu, onyo wakaliacha mezani.

Nami nakiri hapa mbele ya wasomaji wote, nakula kwa sababu umeme unayumba. Ukitulia kabisa nusu ya wateja wangu sina. Kwahiyo ninayoyaandika hapa nakata tawi nililokalia, mjue tu.

Turudi Masaki. Kuna nyumba moja huwa naenda kufanya sevisi ya AC, siku moja nikisubiri mwenye funguo nikaanza kuhesabu. Jenereta moja kubwa ndani ya kibanda chake. Kisima na pampu. Simtanki mbili za lita elfu tano tano. Inveta na betri za kujaa kabati. Ukuta na waya wa umeme juu. Mlinzi wa kampuni mchana na mwingine usiku. Ndani kuna mashine ya kuchuja maji ya kunywa. Watoto wana gari la shule na wana bima ya afya ya kampuni binafsi. Nikajisemea huyu mzee si raia, huyu ni serikali. Ana wizara ya maji, wizara ya nishati, mambo ya ndani, elimu, afya, na bado kodi analipa kwa ile serikali nyingine.

Ukishuka Mbagala usidhani hizo wizara hazipo, zipo zote ila ndogo. Wizara ya maji ni madumu sita uani na kijana wa mkokoteni. Nishati ni sola ya taa moja na simu. Ulinzi ni mbwa na misumari juu ya ukuta. Elimu ni tuisheni ya elfu moja kila jumamosi japo ada ilifutwa tangu 2016. Afya ni dirisha la duka la dawa, unaeleza ugonjwa wa mtoto ukiwa umesimama barabarani unapewa vidonge ndani ya bahasha. Na waziri wa wizara zote ni mtu mmoja, mama wa nyumba, na hana mshahara.

Hapo ndo nilipopata kipimo changu. Nikitaka kujua nchi fulani wanaishije siulizi mtu anapata shilingi ngapi, nauliza ni vitu vingapi ambavyo familia HAILAZIMIKI kujinunulia yenyewe. Dola ni sawa, hela ni muhimu sana sitaki unafiki wa kusema pesa si kitu, sema dola elfu moja ya mtu mwenye maji bombani na dola elfu moja ya mtu wa madumu haziwezi kuwekwa safu moja.

Mnakumbuka tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotutangaza uchumi wa kati? Hapa kijiweni watu walishangilia kama tumefunga goli. Pato la kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036, yaani tulivuka kwa dola 44. Kwa hela ya wakati ule ni kama laki moja na kidogo, ni hela ya kujaza gesi friji moja na kununua mihogo njiani ukirudi. Sibezi, kuvuka ni kuvuka. Lakini mpwa wangu ambaye wakati ule alikuwa chuo alinipigia akasema "mjomba hongera, we sasa ni mtu wa kati", nami nilikuwa juu ya ngazi na AC ya mtu mgongoni.

Wakenya walitutangulia, Septemba 2014 walizipiga upya hesabu zao za uchumi, wakaongeza sekta ambazo zamani hazikuhesabiwa vizuri, uchumi ukakua asilimia 25 kwa kalamu. Kuna Mkenya aliyeamka siku ile akakuta ugali umeongezeka? Nigeria nao mwaka huohuo walifanya hivyo, karibu ukaongezeka mara mbili, wakawapita Afrika Kusini. Na hiyo Afrika Kusini yenyewe ndo ukiangalia vipimo vya Benki ya Dunia vya tofauti ya kipato inaongoza dunia kwa pengo. Wastani ni kitu cha ajabu, ukizichanganya Masaki na Mbagala ukagawanya, kila mtu Dar ana nusu AC.

Halafu kuna ule mstari wetu wenyewe wa umaskini. Kwenye utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 mtu mzima asiyefikisha matumizi ya sh 49,320 kwa mwezi ndo alihesabiwa maskini wa mahitaji ya msingi, nchi nzima walikuwa asilimia 26.4 na Dar asilimia 8 tu. Gawa kwa siku 30, unapata sh 1,644 kwa siku. Kula, kuvaa, kulala, nauli, mtoto akikohoa, vyote humo. Waliotumia 1,700 kwa siku hawakuwa maskini. Mimi nimeingia majikoni kwao, Ndugu Mhariri, hawa wasio maskini. Kuna nyumba friji ni kabati la vyombo, limezimwa mwaka wa pili, linatunza sahani na sabuni, na mwenyewe anakwambia "nitaliwasha mambo yakikaa sawa".

Sasa mje kwa mdogo wangu. Yuko Uingereza, mji wa Leicester, tangu 2003. Alienda kwa mbwembwe na koti la suti, akaishia kubeba boksi kama wengine, zamu za usiku kwenye ghala, na mpaka leo yupo kwenye maghala ila sasa ana cheo kidogo. Kule kwao yeye ni mtu wa hali ya chini, hilo anakiri mwenyewe. Kodi ya nyumba inakula karibu nusu ya mshahara. Kuna kodi ya halmashauri kila mwezi. Kuna leseni ya kuangalia TV, hii kijiweni hawakuiamini kabisa mpaka nikampigia wakamsikia kwa sauti yake, unalipa kwa mwaka kuangalia TV ambayo ni yako! Mtoto mdogo kumpeleka chekechea ilikuwa inabidi mmoja afanye kazi ya kumlipa mwalimu wa chekechea. Akija huku likizo anatembea kama tajiri lakini mimi namjua, tiketi anakopa.

Lakini hana jenereta. Hana simtanki, hana mlinzi, ukuta wa nyumba yake naruka hata mimi na miaka hii. Alipokuja Disemba 2022 asubuhi ya kwanza akafungua bomba la jikoni kwangu akajaza glasi akanywa, mazoea tu, hajafikiria, mimi namuona natoka chumbani nashindwa hata kupiga kelele. Siku tano alilala. Bi mkubwa akasema mwanangu umekuwa mzungu tumbo.

Mke wake alijifungua kwa operesheni huko, akakaa hospitali, akatoka na mtoto na begi. Bili hakuna. Sio kwamba ni bure, anakatwa kwenye mshahara kila mwezi tangu afike, na wahamiaji wa siku hizi ukiomba viza wanakutoza kabisa pauni 1,035 kwa mwaka mmoja kwa ajili ya afya, kwahiyo asije mtu akasema Ulaya vitu ni vya bure. Tofauti ni kwamba siku ya kuugua sio siku ya kutafuta hela. Wenzetu wamezitenganisha hizo siku mbili tangu Julai 1948 walipoanzisha ile huduma yao, na 1948 hawakuwa matajiri, walikuwa wametoka vitani, chakula bado cha mgao wa kadi.

Sie mwaka juzi bi mkubwa aliugua. Sitaji hospitali, na manesi walijitahidi. Nilitumia milioni mbili na laki sita. Milioni moja na laki tisa zilitoka kwenye michango, grupu la WhatsApp la ukoo, la mtaa, la mafundi wenzangu, na mdogo wangu wa Leicester ndo alituma fungu kubwa, kwahiyo ukitazama vizuri lile ghala la usiku ndo lilimtibu mama yangu.

Hapa wazalendo huniambia unaona sasa, sisi tuna utu, Ulaya utafia ndani peke yako. Na wana hoja, sikatai. Mke wangu akitaka kutoka anamwachia jirani mtoto kwa maneno mawili, "nakuachia huyu", haulizi bei. Mdogo wangu mtoto akiwa na homa na yeye ana zamu, hana pa kumpeleka. Msiba ukitokea kwetu turubai linafika kabla maiti haijatoka mochwari, masufuria, viti, kuni, watu wa kupika. Hayo yote hayamo kwenye jedwali lenu, pato la taifa halijui jirani. Siku majirani wakianza kuandikiana risiti tutaamka uchumi wa juu.

Ila na hili tuliseme mpaka mwisho, utu wenyewe una bili. Mwaka jana nilikaa nikajumlisha michango yote, harusi, send-off, kichen pati, vipaimara, misiba, kadi ya singo hamsini ya dabo laki, nimechanga milioni moja na laki mbili. Kodi niliyolipa haifiki hapo. Hii ni kodi kamili kabisa ila haina risiti, na ukikwepa kunakuwa na adhabu pia, siku yako watakuja watu saba. Na inalipa kwa kujuana. Mwisho wa mtaa wetu kuna mjane, kahamia tu, hana ukoo hapa Dar, mwanae alivunjika mguu wakati uleule bi mkubwa anaumwa. Tulimchangia. Zilipatikana elfu sitini na nne. Mtaa uleule, watu walewale, mimi milioni na laki tisa yeye elfu sitini na nne, kwa sababu mimi nina watu. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema sisi hatuhitaji mambo ya bima ya afya kwa wote kwa sababu tuna undugu, naondoka kwenye benchi.

Mpwa wangu mwingine, wa kike, yuko Muscat anafanya kazi za ndani. Bibi yetu alikuwa anatusimulia kwamba zamani Waarabu wa Oman ndo walikuwa wanakimbilia Unguja kutafuta maisha, na si hadithi, mpaka 1970 Oman nzima ilikuwa na lami kama kilomita 10 na shule tatu. Leo mabinti zetu ndo wanapanga foleni ya pasi kwenda kuwafulia. Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yao ya maendeleo ya watu ya 2010 waliitaja Oman kuwa ndo nchi iliyopiga hatua kubwa kuliko zote katika miaka 40, na sio kwa mafuta peke yake maana wenye mafuta wako wengi, walisema ni shule na hospitali. Hongera yao. Lakini zaidi ya watu wanne kati ya kumi wanaoishi Oman ni wageni, na mpwa wangu mwaka wa kwanza pasi yake alikuwa nayo mwajiri, simu anapewa ijumaa. Kwenye wastani wa Oman na yeye yumo. Ukimuuliza kama anaishi nchi tajiri anasema "mjomba nyumba ina AC tisa", na anajua mimi ndo nitaelewa.

Na Marekani msiitaje kwangu haraka haraka. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, mapacha siku 100, na mfanyakazi siku 28 za mapumziko ya mwaka. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa hata siku moja ya hayo. Kwenye karatasi tumewapiga Wamarekani tatu bila! Shida ni kwamba mke wangu anakaanga chapati barabarani, akijifungua hizo siku 84 anaziomba kwa nani, kwa jiko la mkaa? Na wao pamoja na dola zote zile umri wa kuishi uliwashuka mpaka miaka 76 na kidogo mwaka 2021, korona na yale madawa ya kulevya, wakati Japani wanagonga 84. Hela wanayo, ila nayo haifiki kila mahali.

Ile safu yenu ya furaha sina maneno mengi. Finland wa kwanza kila mwaka tangu 2018, na kijiweni wamecheka sana kwamba baridi ile furaha ya wapi. Lakini wale hawapimi kicheko, wanamuuliza mtu afikirie ngazi ya sifuri mpaka kumi, maisha yako yako kidato cha ngapi cha hiyo ngazi. Sasa muulize hilo swali mzee wa Dar. Atakwambia "tunamshukuru Mungu". Wataandika namba ngapi hapo?

Mimi ningeambiwa nichague safu moja tu ibaki kwenye jedwali zima, ningefuta dola, ningefuta furaha, ningeacha ya watoto. Mwaka 2004/05 utafiti wetu ulikuta katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 112 hawafikishi miaka mitano. Mwaka 2022 wamekuwa 43. Hiyo ndo habari kubwa kuliko ule uchumi wa kati na sikumbuki kuona watu wakipiga honi barabarani. Vyandarua, chanjo, akina mama kujifungulia zahanati, vitu ambavyo familia moja moja isingeweza kujinunulia hata ikiwa na jenereta. Japani na Finland ni kama wawili tu. Kutoka 43 kwenda 2 hapo ndo pana umbali wa kweli kati ya hizi nchi, na huwezi kuuziba kwa kubeba boksi wala kwa michango ya grupu.

Kwahiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, mkichapa tena jedwali kama lile mtuwekee na hii: kibarua wa nchi hiyo anafanya kazi saa ngapi kupata maji lita 20 safi ya kunywa, na umeme ulikatika dakika ngapi. Mkikosa namba za Dar niiteni, mita ninayo begini, na nauli mtanilipa nyie.

Yule mama wa Kimara friji lake linagandisha, nimemfungia na gadi, dinosaria nimemwacha mlangoni. Bado namdai elfu tisini, kasema mwisho wa mwezi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi friji, Tabata, Dar es Salaam